Jinsi ya kutoa maoni kuhusu filamu ya vampaya yenye damu nyingi

Dada yangu aliwahi kuniuliza neno moja tu kuhusu filamu niliyoitazama usiku wa jana yake: "Nitaiweza?" Nikamjibu haraka haraka: "Kali sana. Damu nyingi, lakini utaipenda." Filamu yenyewe ni 30 Days of Night, ya mwaka 2007, iliyoongozwa na David Slade: vampaya, yaani wafu wanaonyonya damu, wanauvamia mji wa Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, wakati wa mwezi mzima usio na jua. Dada haogopi damu. Mtu akikatwa kichwa kwa shoka kwenye skrini, yeye anaendelea kula. Ila mapema kabisa katika filamu hiyo, kabla hata hujawaona vampaya vizuri, mbwa wa kukokota sleji, yaani chombo cha kuteleza juu ya theluji, wanauawa. Mbwa wake mwenyewe alikuwa amekufa miezi miwili tu kabla ya hapo. Aliizima palepale, akaniandikia: "Ungeniambia."

Sikuwa nimemdanganya. Damu ilikuwa nyingi kweli, na filamu ni nzuri kweli. Lakini nilikuwa nimemweleza jinsi nilivyosisimka mimi, sikumweleza chochote kuhusu kitakachomkuta yeye. Tangu siku ile natoa maoni kwa namna nyingine, na ndiyo ninayoieleza hapa.

Kwanza, usiandike maoni wakati majina ya waigizaji bado yanapita kwenye skrini. Moyo unadunda, na moyo unaodunda husifu kila kitu au huponda kila kitu. Lala. Asubuhi, kabla ya kusoma maoni ya mtu mwingine yeyote, jiulize ni picha gani imebaki kichwani. Iandike hiyo kwanza. Kwangu, asubuhi ile, haikuwa shingo wala meno. Ilikuwa ile sehemu kamera inapopanda juu ya barabara ya mji na kusogea polepole, nasi tunatazama kwa mbali kama ndege. Chini theluji nyeupe, watu wadogo wadogo wanakimbia, wengine wanaburutwa, na palipokuwa peupe panabaki madoa. Hakuna uso unaoonyeshwa kwa karibu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mji mzima umekwisha, na hakuna wa kuja kuokoa. Ukiweza kueleza picha moja hivyo, umemsaidia msomaji kuliko kumwambia "inatisha" mara kumi.

Na hilo neno "inatisha" lichunguze kabla ya kulitumia, maana linaficha mambo matatu tofauti. Kuna kushtuka: mlango unafunguka kwa kishindo, unaruka kwenye kiti, kisha umesahau. Kuna kinyaa: nyama inachanika, unageuza uso. Kuna hofu yenyewe, ile inayokufuata chooni usiku na kukufanya uwashe taa ya ukumbini. Filamu ya vampaya inaweza kuwa na kinyaa tele na hofu kidogo sana, na mtu anayetafuta hofu atahisi ameibiwa saa mbili zake. Mwingine anavumilia hofu vizuri lakini kinyaa kinamtapisha. Sema ni ipi kati ya hizo tatu uliyoipata, na kwa kiasi gani. Sentensi mbili zinatosha.

Sasa damu, ambayo ndiyo watu wengi huikosea. "Damu nyingi" si maelezo. Mimi najiuliza ni ya nani, inaonyeshwa kwa muda gani, na imekuja kufanya nini. Damu ya vampaya anayepigwa shoka watazamaji wengi huimeza kwa urahisi. Ya mtoto au ya mnyama ni jambo jingine kabisa. Jeraha la sekunde moja si sawa na kamera inayokaa palepale mpaka mtu atoe pumzi ya mwisho. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: ukiondoa damu hiyo, je, hadithi inapungua? Kwenye ile picha ya barabarani, ukifuta madoa kwenye theluji hutabaki na kitu. Lakini nimeona filamu ambazo damu inarushwa ukutani kwa sababu tu mwongozaji alikosa la kusema. Hilo liseme waziwazi, bila kumwonea haya.

Angalia pia jinsi damu ilivyotengenezwa. Damu halisi ikikauka inakuwa nyeusi nyeusi, rangi ya udongo. Ya filamu mara nyingi inabaki nyekundu ileile hata baada ya siku tatu za hadithi. Ya kompyuta inaruka hewani vizuri sana, kisha picha inayofuata shati la mhusika ni safi na sakafu ni kavu. Ukiliona hilo lieleze, litaje na tukio lenyewe. Ni hoja ambayo msomaji anaweza kuihakiki kwa macho yake, tofauti na "madoido mabovu".

Kuna lawama moja inayonikera, nami naomba uiepuke: "Vampaya wa kweli hawako hivi." Wa kweli yupi? Kwenye riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Dracula, yule vampaya maarufu, anatembea mchana, ila nguvu zake zinapungua. Wazo la kwamba mwanga wa jua unamuua vampaya lilienezwa na Nosferatu, filamu isiyo na sauti ya mwaka 1922 iliyoongozwa na F. W. Murnau. Mwigizaji Bela Lugosi alipomwigiza Dracula kwenye filamu ya mwaka 1931, hatukuonyeshwa hata meno marefu. Kila mmoja alitunga kanuni zake. Kwa hiyo pima filamu kwa kanuni ilizojiwekea yenyewe. Ikisema jua linaua, halafu mmoja wao akasimama dirishani asubuhi bila kuungua, hapo una haki ya kulalamika.

Hata hapo, hakiki kwanza. Kuna watazamaji waliosema kwamba mwezi mzima wa giza ni uongo mtupu. Mji wa Barrow, Alaska, ambako hadithi hiyo imewekwa, upo kweli. Tangu mwaka 2016 jina lake rasmi ni Utqiaġvik. Kila majira ya baridi jua huzama mwezi Novemba na halichomozi tena mpaka Januari, takriban siku 65. Filamu imepunguza, haikuongeza. Lawama ya haki ni nyingine: kwamba siku zinarukwa upesi mno, unaambiwa wiki zimepita lakini nyuso na ndevu hazionyeshi hivyo, na njaa ya watu waliojificha darini huwezi kuihisi ipasavyo. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Linabaki suala la kuonya bila kumharibia mtu utamu. Watu wanadhani haya mawili yanagombana, kumbe siyo. Onyo linahusu kitu kilichomo, utamu uko kwenye nani, lini na kwa nini. "Mbwa wanauawa, ni mapema, huoni kwa muda mrefu" haimharibii mtu chochote. "Fulani anageuka vampaya na rafiki yake anamuua" umeua filamu nzima. Mimi maonyo nayaweka juu kabisa, mstari wa kwanza, ili asiyeyahitaji ayaruke. Mwisho wa hadithi siugusi hata kwa fumbo. Ukiandika "subiri uone anachofanya shujaa mwishoni", tayari umemfanya mtu akae anasubiri badala ya kutazama.

Leo ningemwandikia dada hivi:

"Wanyama wanauawa mwanzoni. Kuna mtoto ambaye ni vampaya, na yanayompata si mepesi. Vichwa vinakatwa kwa shoka, kamera haikwepi. Kinyaa kingi, hofu nyingi zaidi, kushtuka kidogo. Nusu ya kwanza imenishika koo. Katikati inalegea kwa sababu siku zinapita bila uzito. Vampaya hawa si wa mapenzi, wanawinda kwa kundi kama wanyama. Kama unataka kuwaonea huruma, tafuta nyingine."

Maneno hayafiki hata 60. Hakuna nyota wala alama kati ya kumi, na sizitumii tena, kwa kuwa saba yangu ya hofu na saba ya mtu anayependa kinyaa hazina undugu wowote. Ukisoma maoni ya wengine fanya vivyo hivyo: ruka alama, tafuta aliyetaja tukio. Aliyeandika "takataka" hajakupa kitu. Aliyeandika "niliichoka walipokaa darini muda mrefu" amekupa, hata kama wewe ungelipenda dari hilo.

Dada aliirudia filamu miezi kadhaa baadaye, baada ya kumwandikia ni wapi aanzie ili asikutane na wale mbwa. Aliitazama mpaka mwisho, akanitumia maoni yake asubuhi iliyofuata, si usiku uleule. Picha ya barabarani haikumgusa sana. Kilichombakia ni lugha ya vampaya, ile yao wenyewe tunayotafsiriwa kwa maandishi chini ya skrini. "Wanaongea," aliandika. "Nilidhani ni wanyama, kumbe wanaelewana, na wanajua tunachoomba."