Modemu ya simu kwenye Linux: kwanza ijibu OK

Wengi wanaoniuliza jinsi ya kuunganisha Linux na intaneti kwa laini ya simu huwa wameshajaza faili za mipangilio, wameshaweka nywila, na bado hakuna kinachotokea. Mimi naanzia upande wa pili. Sigusi programu ya kupigia simu mpaka modemu yenyewe, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, inijibu kwa mkono. Ikijibu, kazi kubwa imekwisha.

Kabla ya hapo, jua una modemu ya namna gani. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua ya nje inayochomekwa kwenye poti ya siriali. Hiyo hufanya kazi yake yote ndani ya kasha lake, kwa hiyo Linux haihitaji draiva ya pekee. Za USB pia ni nzuri, ilimradi zifuate CDC ACM, kanuni ya kawaida ya modemu za USB. Ukiichomeka itajitokeza kama /dev/ttyACM0. Zinazosumbua ni zile kadi za ndani ziitwazo winmodem. Watengenezaji waliondoa baadhi ya chipu ili kupunguza gharama, kazi yake wakaiachia programu ya Windows. Baadhi, kama zenye chipu za Lucent au Conexant, zilipata draiva za Linux, lakini draiva hizo zilitengenezwa kwa matoleo ya zamani ya keneli (kiini cha Linux), na kuzilazimisha kwenye keneli mpya ni mateso. Ushauri wangu ni kuachana nazo.

Chomeka waya wa ukutani kwenye tundu lililoandikwa LINE. Lile la PHONE ni la simu ya mezani. Kisha tafuta poti:

dmesg | grep tty

ttyS0 ndiyo ile Windows inayoiita COM1, na ttyS1 ni COM2. Angalia pia kama mbele ya jina pameandikwa 16550A. Chipu hiyo ina akiba ya baiti 16, ndiyo maana inahimili kasi ya 115200. Ukikuta 8250, ambayo haina akiba hiyo, shusha kasi, la sivyo data itapotea njiani.

Jipe ruhusa ya kutumia poti, kisha utoke na kuingia upya:

sudo usermod -aG dialout jina_lako

Sasa sehemu ninayoithamini kuliko zote. Fungua minicom, programu ya kuzungumza na modemu kwa mkono, kwa amri minicom -s, nenda kwenye mipangilio ya poti ya siriali, andika /dev/ttyS0, kasi 115200, 8N1 (biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kusimamisha). Hardware Flow Control iwe Yes, Software Flow Control iwe No. Hifadhi, kisha toka kwenye menyu ubaki kwenye skrini tupu. Andika:

AT

Bonyeza Enter. Chini yake itatokea OK. Ukiona OK lakini herufi ulizoandika hazionekani, modemu imezimwa mwangwi, andika ATE1. Kama kimya kimetanda kabisa, usihangaike na programu: angalia umeme wa modemu, namba ya poti, na kebo. Kebo inayotakiwa ni ya kunyooka, si ile ya kuunganishia kompyuta mbili.

Ukiwa palepale, jaribu kupiga simu kwa ATDT ikifuatiwa na namba ya mtoa huduma wako. Tazama taa za modemu. OH huwaka laini inapoinuliwa, kisha utasikia milio ya namba, mlio mrefu mwembamba, mkwaruzo wa modemu mbili zikipatana, na mwisho taa ya CD, ya kuonyesha modemu zimeunganishwa, inawaka na CONNECT inaandikwa. Ukipata NO DIALTONE na simu ya mezani inasikika vizuri, huenda mlio wa laini yako si ule modemu inaoutarajia. Andika ATX3 upige tena, haitausubiri. Kwa laini za ofisi zinazohitaji 9 ya kutoka nje, piga ATDT9, kisha namba. Ile koma baada ya 9 iandike pia, huleta pumziko la sekunde 2. Kukata, tulia kidogo, andika +++ bila Enter, subiri OK, kisha ATH.

Funga minicom kabisa, kwa sababu poti haitumiwi na wawili kwa wakati mmoja. Halafu andaa wvdial, ndiyo programu ya kupigia simu:

sudo wvdialconf /etc/wvdial.conf

Itaitafuta modemu na kuandika faili. Lifungue ulijaze hivi:

[Dialer Defaults]
Modem = /dev/ttyS0
Baud = 115200
Init1 = ATZ
Init2 = ATX3
Phone = namba_ya_mtoa_huduma
Username = jina
Password = nywila
Stupid Mode = 1

Mistari ya Phone, Username na Password huja ikiwa na nukta-mkato mbele. Iondoe, maana ikibaki mstari hausomwi. Init2 ya ATX3 iweke kama tu uliihitaji kwenye minicom. Stupid Mode huifanya wvdial ianzishe pppd, programu inayopitisha intaneti kwenye laini ya simu, mara tu simu inapopokelewa, na watoa huduma wengi wanataka hivyo. Nywila imeandikwa waziwazi, basi lifunge faili kwa sudo chmod 600 /etc/wvdial.conf.

Piga kwa sudo wvdial. Ukiona anwani za IP na za DNS (seva zinazogeuza majina kuwa anwani), umeunganishwa. Fungua dirisha jingine ufanye ping kwa anwani ya IP kwanza, kisha kwa jina. IP ikijibu na jina likagoma, tatizo liko /etc/resolv.conf. Kama hata IP haijibu ingawa ppp0, yaani muunganisho wa simu, ipo, mara nyingi kadi ya mtandao wa waya imeshika njia kuu, na pppd haiiondoi yenyewe. Zima kadi hiyo upige tena.

Usitishwe na kasi. Ile 115200 ni kati ya kompyuta na modemu tu. Kwenye laini, V.90, kanuni ya modemu ya mwaka 1998, inaishia kilobiti 56 kwa sekunde kushusha na 33.6 kupandisha, na laini yenye kelele hushuka chini zaidi.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl+C na uhakikishe taa ya OH imezimika, maana ikiwaka simu bado inahesabiwa. Kwa wanaosahau, mstari wa Idle Seconds = 300 kwenye faili lile lile utakata simu baada ya dakika 5 bila matumizi.