Land Cruiser 1HZ inachelewa kuitika mafuta? Kagua kwa mpangilio huu kabla hujamruhusu mtu aguse pampu

Wakuu, hii ni kwa wenye Land Cruiser za mkonga za 1HZ, hizi za watalii na za miradi, ile injini ya silinda sita, cc 4164, haina tabo (turbo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini) na pampu yake ya dizeli haina umeme mwingi wa kukusumbua. Dalili ndio ile, unakanyaga mafuta gari inafikiria kwanza, unashusha gia haichanganyi, mlima mdogo tu wa Rhotia unapanda kwa namba 2. Na fundi wa kwanza utakayekutana naye atakwambia "tuongeze pampu kidogo". Kataa. Pampu iwe ya mwisho kabisa.

Halafu tuwekane sawa kwanza, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda. Mto wa Mbu uko kama mita 1000, ukingo wa Kreta ya Ngorongoro umepita mita 2200, kwa hiyo gari kuwa nzito kule juu na kutoa kamoshi keusi kidogo ni kawaida yake, hewa ni nyepesi na mafuta ni yale yale. Kama uzito unausikia huko tu usihangaike. Kama hata Arusha mjini haivuti, endelea kusoma.

Hatua ya 1: injini au klachi?
Watu wanafungua nozeli (vile vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda) wakati shida ni klachi. Ukiwa barabarani weka namba 4, nenda taratibu kisha kanyaga mafuta yote. Resi ikipanda haraka na spidi ikabaki pale pale, klachi inateleza. Ukitaka uhakika, injini ikiwa ya moto na gari iko kwenye tambarare, hakuna mtu mbele wala nyuma, vuta hendibreki, kanyaga breki, weka namba 3, resi kidogo, achia klachi. Inatakiwa izime hapo hapo, ikiendelea kunguruma basi sahani imeisha au kuna oili imeingia. Usirudie rudie maana unaichoma zaidi. Kama resi yenyewe ndio inapanda kwa uvivu hata gari ikiwa fri, tatizo liko injini.

Hatua ya 2: waya wa akseleta
Hii ni bure kabisa na ndio inayorukwa. Zima injini, mtu akanyage pedeli mpaka chini, wewe fungua boneti uangalie mkono wa pampu kama unafika kwenye skrubu ya kikomo. Usipofika, kaza waya kwenye nati zake, ila uache ulegevu kidogo pedeli ikiwa juu, ukivuta sana injini itanguruma juu muda wote. Angalia na kapeti, zile raba nene watu wanazopanga mbili mbili zinazuia pedeli na unakuta gari inatumia robo tatu tu ya mafuta yake.

Hatua ya 3: hewa
Kwa vumbi la Serengeti ea klina (chujio la hewa) inaziba haraka kuliko kitabu kinavyosema. Itoe, piga upepo kutoka ndani kwenda nje kwa presha ndogo, na kama imelowa oili au karatasi imechanika nunua mpya. Cheki na snoko, ule mkonga wa kuvutia hewa, nyigu wanapenda kujenga humo gari ikikaa. Moshi mweusi mwingi unaopungua ukisafisha hapa, umemaliza kazi.

Hatua ya 4: mafuta, na hapa tulia maana ndio penye kesi nyingi
Pampu ya 1HZ inanyonya yenyewe kutoka kwenye tenki, hakuna pampu ya kusukuma huko nyuma, kwa hiyo paipu ikiwa na kitundu hutaona dizeli ikidondoka, hewa ndio inaingia. Gari inawaka vizuri, ukiikanyaga inakata kata. Anza kwa kufungua koki ya chini ya dizeli filta umwage maji, kisha weka filta mpya. Halafu bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta: ikibaki imezama hairudi juu, kuna kuziba kuelekea tenki, ama chujio la ndani ama paipu imebonyea kwa jiwe. Legeza mfuniko wa tenki ujaribu tena, tundu la kupumulia likijaa tope gari inakosa nguvu taratibu ukiwa safarini.

Kwa hewa, funga kipande cha paipu inayoonyesha kati ya filta na pampu, washa, piga resi. Mapovu yakipita bila kukoma kuna sehemu inavuta. Na kama bado una wasiwasi, chukua dumu safi la dizeli, lifunge imara mbali na manifoldi ya ekzosi yenye moto, nyonyesha filta kutoka humo uende mzunguko mfupi. Gari ikirudi na moto wake, adui yuko tenki, huna haja ya kuuziwa pampu.

Hatua ya 5: gusa rimu
Baada ya kuendesha bila kufunga breki sana, rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inakamata. Na kama ulibadilisha tairi ukaweka kubwa, uzito umejiletea mwenyewe.

Hatua ya 6: sasa ndio nozeli na pampu
Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi injini ikiwa ya moto, au mgongano wa nozeli moja, peleka zote sita kwa mtu mwenye mashine ya kupimia. Taimingi ya pampu (wakati inaopuliza mafuta) ipimwe kwa geji, sio kwa sikio, na uulize beliti ya taimingi ilibadilishwa lini, kama imepita kilomita 100,000 badilisha hapo hapo. Ile skrubu ya kuongeza mafuta isiguswe, moshi utakuwa mwingi, joto la ekzosi litapanda na hedi za 1HZ zinapenda kupasuka. Nozeli zikirudishwa zifungwe na washa (zile pete za kuzibia) mpya, zile za zamani zimeshabonyea, zitavujisha kompresheni.