Namna ya kutania msibani Moshi bila kuwaumiza wafiwa

Mtani anayeingia msibani na koti la marehemu mabegani, akidai deni ambalo halipo, anafanya kazi ambayo ndugu hawaiwezi. Wao wamefungwa na huzuni na heshima. Yeye ameachiwa mdomo. Akiifanya vizuri, mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana huomba chai. Lakini kazi hii ina masharti, na mjini wengi wanayajua nusunusu.

Kwanza hakikisha utani upo. Mkoani Kilimanjaro unaojulikana zaidi ni wa Wachaga na Wapare. Upo pia wa ndani ya ukoo: mjukuu na babu au bibi, shemeji kwa shemeji, na mara nyingi mabinamu. Wakwe hawamo kabisa. Ukiwa na shaka, mwendee mzee wa upande wa wafiwa: "Shikamoo mzee. Sisi na nyinyi tunataniana?" Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alieleza mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa namna hii mmoja ameruhusiwa, na pengine amelazimika, kumkejeli mwenzake, naye mwenzake analazimika kutokasirika. Lazima hiyo inamfunga mtani peke yake. Jirani aliyetoka Mbeya haimhusu, na ugomvi mwingi wa msibani huanzia kwa mtu kama huyo aliyeguswa bila kuwamo.

Halafu mwone msemaji wa familia. Mwambie wewe ni nani, utafanya nini na kwa muda gani. Dakika kumi zinatosha. Yeye ndiye anayejua ibada inaanza saa ngapi. Kwa Waislamu maziko hayacheleweshwi, kwa hiyo subiri hadi watu wamerudi nyumbani na kukaa.

Wakati ukifika utausikia kwa masikio: kilio cha kwanza kimepoa, vikombe vinagongana, wanaume pale nje wameanza kuulizana habari za mvua. Ukitangulia hapo, utaonekana huna utu.

Maneno yaelekee kabila, yasielekee kidonda. Mchaga anataniwa kwa kupenda pesa, Mpare kwa ubahili na kupenda kesi. Mpare akienda msiba wa Mchaga huchukua sarafu tatu au nne za mia tano (noti hailii), akaziliza karibu na jeneza, akatega sikio, kisha akatangaza: "Jamani, hajaamka. Huyu amekufa kweli, zikeni!" Kila mtu kijijini ameshausikia mzaha huo, na nguvu yake iko hapohapo: hakuna anayejiuliza kama ni tusi, watu wanangoja tu zile sarafu zilie. Usiharakishe. Ule ukimya wa kutega sikio ndio unaoleta kicheko. Mchaga naye kwa Mpare atawaonya wachimba kaburi: "Msimlaze karibu na mpaka, atafungua kesi hukohuko."

Yasiyoguswa ni ugonjwa uliomuua, madeni ya kweli, mirathi na watoto wa nje. Kuna mzaha unaozunguka sana kwamba wanawake wa Machame, upande mmoja wa Uchagani, huwamaliza waume zao. Kwenye baa unachekesha. Mbele ya mjane unageuka kuwa mashtaka, kwa sababu huenda kuna shemeji anayenong'ona jambo hilohilo kwa dhati. Uache. Na kama aliyekufa ni mtoto, au mtu aliyejiua, hakuna utani hata kidogo. Beba maji, pasua kuni.

Kaburini mtani huweza kuingia shimoni na kugoma kutoka mpaka alipwe. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo wa kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, umelowa na kingo huporomoka. Baki juu na ulizuie koleo, inatosha. Dai ng'ombe, teremka hadi mbuzi, kisha kuku, mwishoni upokee elfu moja au mbili. Utamu uko kwenye kupatana bei, kwa hiyo ukitaja elfu mbili tangu mwanzo umeua mchezo. Fedha hiyo mkabidhi mweka hazina watu wakiona, iandikwe kwenye daftari la rambirambi. Ukiitia mfukoni, watasema ulifuata pesa.

Upande mmoja ukinyamaza ghafla, au mama akijifunika khanga usoni, umekosea. Nyamaza hapohapo. Usieleze kwamba ulikuwa unatania, maana maelezo yanarudia jeraha. Jioni mtume mzee mmoja akuombee radhi, na kwa Wachaga aende na jani la isale, ambalo ndilo la kuombea msamaha, wazee hawalipuuzi. Uende nawe, ukae nyuma yake, usiseme mpaka uulizwe.

Kabla hujaondoka, wape wafiwa zamu yao wakutanie. Utani wa upande mmoja ni uonevu, na familia nyingine hushindwa kucheka kwa sababu tu hazikupewa nafasi ya kujibu. Na msiba ukiwa kwako, litundike koti la marehemu mlangoni, mahali mtani wako atakapoliona bila kuuliza.