Diski Inaanza Kufa: Okoa Faili Kabla ya Kutengeneza Chochote

Kompyuta ikiganda kila unapofungua folda ileile, au diski ikianza kugonga, acha unachofanya. Wengi hukimbilia chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kutengeneza diski) au kupiga Windows upya. Tafadhali usifanye hivyo. chkdsk ikiamriwa kutengeneza (/f au /r) huandika kwenye diski na kuisumbua palepale ilipo mbovu, na faili iliyokuwa inasomeka asubuhi inaweza isisomeke jioni. Faili kwanza, matengenezo baadaye.

Hatua ya 1: Sikiliza
Mlio wa kugonga unaojirudia mara nyingi humaanisha vichwa vya kusomea vimeharibika. Zima mara moja. Kazi hiyo ni ya mafundi wenye chumba kisicho na vumbi. Usifungue mfuniko, wala usiweke diski kwenye friji. Unyevu utamaliza kilichobaki.

Hatua ya 2: Pima
Kama haigongi, tumia CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, kwenye Windows. Kwenye Linux andika (weka jina la diski yako mbovu badala ya /dev/sdb):

sudo smartctl -a /dev/sdb

Kwenye ripoti tazama namba 5 (sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa), 197 (zinazosubiri uamuzi) na 198 (zilizoshindikana kusomwa). Zikiwa zinapanda, diski inakwenda. Neno PASSED (imefaulu) kwenye ripoti hiyo lisikutulize, kwani nyingi hufa nalo. Ikipanda 199 peke yake, badilisha kwanza kebo ya SATA.

Hatua ya 3: Nakili
Hapa usiwe na haraka. Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, usifungue (mount) diski mbovu, kisha chomeka diski nyingine isiyo na tatizo yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu. Hakiki majina ya diski kwa amri ya lsblk, mara mbili, maana ukigeuza chanzo na mwisho umejifutia kila kitu. Sakinisha kifurushi cha gddrescue (chenye amri ya ddrescue), ingia kwenye folda ya diski hiyo nzuri, kisha:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map

Amri hii huchukua kwanza yale yanayosomeka kirahisi na kuruka yanayogoma. Ikimaliza, rudi kwa yaliyogoma:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

diski.img ndiyo nakala yenyewe, na faili la diski.map, linaloandika kilichokwisha kunakiliwa, ndilo roho ya kazi hii. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile nayo itaendelea ilipoishia. Kazi inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku. Diski ikipata joto sana, simamisha kwa Ctrl+C, iache ipoe, uendelee.

Hatua ya 4: Fanya kazi kwenye nakala
Fungua diski.img kwa TestDisk, programu ya kuokoa faili. Majedwali ya faili yakiwa yameharibika kabisa, programu ya PhotoRec itakutolea picha na hati, ingawa majina yake ya awali yatapotea. Diski ya zamani iweke pembeni bila kuifomati mpaka mwenye faili akague kila alichohitaji.

Kwa SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) usisubiri mlio. Nyingi hupotea ghafla, kompyuta isizione tena hata kwenye BIOS (mipangilio ya mwanzo ya kompyuta), kwa hiyo ukiona tu makosa ya kusoma, nakili siku hiyohiyo.