Jinsi ya kupiga picha shanga za kioo zinavyotengenezwa kwa moto Venice na kisiwa chake cha Murano, Italia

Ufundi wa shanga za kioo uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020, kwa ombi la pamoja la Italia na Ufaransa. Picha ya fundi anayetabasamu mezani kwake haiuhifadhi. Piga picha ambazo mtu akizitazama ataelewa mkono umefanya nini na kwa kifaa gani.

1. Kabla ya kutoa kamera. Omba utazame ushanga mmoja ukitengenezwa mwanzo hadi mwisho. Uliza kipi hakipigwi picha, maana baadhi ya fito za mapambo, yaani vijiti vya kioo vinavyoyeyushwa, ni siri ya karakana. Vaa pamba na miwani: ufito baridi ukiingizwa motoni ghafla hupasuka na vipande huruka, na polyesta huyeyukia ngozini. Kaa ubavuni mwa moto, sentimita 60 au zaidi, na lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 90 hadi 105. Usiwashe feni, itayumbisha moto.

2. Mipangilio. Kila kitu kiwe kwa mkono. Anza na f/4 (uwazi wa lenzi), sekunde 1/100, ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Umeme wa Italia ni wa hezi 50 na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde, hivyo kasi ya 1/250 huweza kuacha mistari kwenye picha. Ukihitaji kasi zaidi, omba taa zizimwe utumie mwanga wa dirisha. Mikono ikiwa gizani, simamisha kadi nyeupe pembeni mwa meza. Fleshi usiiguse: inaufifisha moto na inamshtua mtu aliyeshika kioo kilichoyeyuka.

Shida kubwa ni rangi ya njano. Kioo kikiingia motoni, sodiamu iliyomo huugeuza moto kuwa wa njano iliyokolea na kuuficha ushanga wenyewe. Kamera inayojipangia rangi itatoa kila picha na rangi yake. Funga mizani ya nyeupe (mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi), tuseme 4000 K, na upige kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Mafundi wengi huvaa miwani ya didimiamu inayochuja njano hiyo. Azima ya akiba, ishike mbele ya lenzi, nawe utauona ushanga ndani ya moto. Piga pia bila miwani, kwa sababu kichujio hicho hupotosha rangi nyingine.

3. Mfuatano. Kijiti cha chuma kilichopakwa tope la udongo ili kioo kisigande, ncha ya ufito ikilainika, kioo kikizungushiwa kijiti, mapambo yakiwekwa, ushanga ukiingia tanurini. Lenga fokasi kwenye kijiti kwa mkono, la sivyo kamera itakimbilia moto. Kijiti hakiachi kuzunguka, maana kikisimama tu kioo hunyong'onyea upande mmoja. Piga angalau picha moja kwa 1/25, kamera ikiwa kwenye stendi, ili mzunguko huo uonekane.

4. Rangi halisi. Usiihukumu rangi kioo kikiwa cha moto. Nyekundu nyingi huonekana tofauti kabisa hadi zipoe. Ushanga hupoozwa polepole tanurini kuanzia karibu nyuzi 500 za Selsiasi, ukiharakishwa hupasuka. Rudi kesho yake. Uweke juu ya karatasi ya kijivu karibu na dirisha lisilopigwa na jua, na rula ya milimita kando. Toboa karatasi nyeusi upitishe lenzi, ili kamera isijionyeshe kwenye kioo. Piga ubavu, kisha tundu, kwani tabaka huonekana hapo. Zile nyekundu zenye kiini cheupe, aina iliyouzwa sana Afrika karne ya 19, ukizipiga ubavu tu hutazitofautisha na nyekundu tupu.

5. Watungaji. Ukimpata impiraressa, mwanamke anayetunga shanga ndogo, piga kutoka juu. Sindano ndefu nyingi hufunguka mkononi mwake kama upepeo wa kujipepea, naye huzipitisha kwenye chano cha mbao chenye shanga, kiitwacho sessola. Mlango wazi mchana unaruhusu 1/500, kasi inayokamata shanga zikipanda sindano.

6. Maelezo. Yaandike siku hiyo hiyo ndani ya faili la picha: jina la kitendo kama fundi anavyolitamka, kifaa, namba ya ufito, tarehe, na kama ameruhusu jina lake litajwe. Mpelekee nakala azikague kabla hujazitoa popote.