Mozaiki ya ndege au kipepeo: mianya nayo inachora

Vipande vya glasi au vigae huleta rangi, lakini unyoya na mshipa wa bawa huchorwa na mianya iliyo kati yake. Ndiyo maana kazi nyingi huharibika mwishoni kabisa, kwenye grauti, yaani uji wa saruji wa kujazia mianya hiyo.

1. Mchoro. Kwa kipepeo, kunja karatasi katikati, chora mabawa ya upande mmoja, kisha nakili upande wa pili. Ndege mchore kwa ubavu.

2. Ubao. Plaiwudi ya mm 12 inatosha picha ya sm 30 kwa 40 ya ndani ya nyumba. Ipake pande zote mbili gundi nyeupe iliyozimuliwa (gundi 1, maji 4), la sivyo itajipinda. Kwa kazi ya nje tumia bao la saruji na gundi ya vigae. Gundi nyeupe hulainika tena ikipata maji.

3. Kukata. Koleo la magurudumu mawili kwa glasi. Nyundo iache. Miwani ya kinga muda wote.

4. Kupanga. Anza na jicho: kipande kimoja cheusi cha mviringo, chenye chembe nyeupe pembeni. Karibu na jicho tumia vipande vya mm 4 hadi 5, mwilini 8 hadi 10. Safu zifuate manyoya, kutoka kichwani kuelekea mkiani. Kwenye bawa la kipepeo, safu zitoke kiwiliwilini zikitawanyika hadi ukingoni, kama mishipa yenyewe. Acha mwanya wa mm 1 hadi 2, kisha subiri saa 24 gundi ikauke.

5. Grauti. Chagua isiyo na mchanga. Yenye mchanga hukwaruza glasi, na mianya hii ni myembamba mno kwayo.

Sasa rangi. Nyeupe siipendekezi hata kidogo: jicho huvutwa na mistari, na bawa huonekana limepasuka. Kijivu cha mkaa hufanya buluu na chungwa ziwake. Lakini ndege mweupe kwenye grauti nyeusi huonekana amefungiwa ndani ya wavu. Mpe kijivu hafifu. Jaribu kwanza kwenye kibao cha sm 10 chenye vipande vilevile na ukisubiri kikauke, kwa sababu grauti mbichi huonekana nyeusi zaidi. Kama kuna mawe au vigae visivyong'aa, vipake dawa ya kuziba vinyweleo kabla, maana rangi ikishaingia humo haitoki.

Tia unga wa grauti kwenye maji kidogo kidogo hadi uwe mzito usiomwagika. Uache dakika 10, ukoroge tena bila kuongeza maji: maji mengi huzaa nyufa na mabaka. Sukumiza ndani ya mianya kutoka pande zote. Baada ya dakika 15 hadi 20, ukungu ukitanda juu ya vipande, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, kwa mshazari. Ukifuta mapema, au kwa kufuata mianya, utaichota grauti yote. Ukichelewa, itaganda. Mabaki yapeleke kwenye taka. Kwenye sinki yatagandia bombani.

Kabla ya kuifunika kwa plastiki siku 2, pitisha kijiti cha meno kuzunguka jicho: hapo ndipo grauti hufunika vipande vidogo.