Kupiga asilimia ya elementi kwenye kampaundi: chukua mfuko wa urea tuanze

Kama nyumbani kwenu wanalima mahindi nenda kauangalie mfuko wa urea, utakuta umeandikwa 46% N, yaani naitrojeni. Hiyo 46 ndo hesabu ileile inayowatoa watu jasho kwenye kemia, na mimi vijana wangu wa tuisheni siku hizi naanza nao hapo kwenye mbolea kwa sababu mtu akishaipata 46 kwa mkono wake mwenyewe haisahau tena.

Ichukulie kama mchango wa harusi. Kuna jumla iliyopatikana, kuna alichotoa kila mtu, wewe unataka kujua fulani katoa asilimia ngapi. Basi.

Fomula ya urea ni CO(NH2)2. Uzito wa atomu unautoa kwenye jedwali la elementi, C ni 12, O ni 16, N ni 14, H ni 1. Sasa tulia hapa kwenye mabano maana ndo wengi wanapopotelea: ile 2 ya nje inazidisha KILA kitu kilichomo ndani, kwa hiyo N ziko 2 na H ziko 4, sio 2 jamani, 4. Kaboni inatoa 12, oksijeni 16, naitrojeni 14 × 2 = 28, haidrojeni 1 × 4 = 4. Jumla 60.

Naitrojeni: 28 ÷ 60 × 100 = 46.67%. Umeiona 46 ya kwenye mfuko?

Zilizobaki unafanya hivyohivyo, kaboni 20%, oksijeni 26.67%, haidrojeni 6.67%. Halafu usifunge daftari kabla hujazijumlisha zote, lazima zije 100, hapa utapata 100.01 na hiyo 0.01 ni ya kukadiria desimali tu isikuumize kichwa, ila ukiona 93 au 107 rudi kwenye mabano haraka.

Ukija kwenye SA, ile mbolea ya salfeti ya amonia, yaani (NH4)2SO4, naitrojeni ni 28 ileile lakini uzito wa jumla ni 132, so 28 ÷ 132 × 100 inakupa 21.2% tu. Maana yake mfuko wa kilo 50 wa urea una kama kilo 23 za naitrojeni na wa SA una kama kilo 10 na nusu, ndo maana kulinganisha bei mfuko kwa mfuko peke yake kunamdanganya mkulima, ingawa SA nayo inakuletea salfa 24% ambayo urea haina kabisa.

Sasa mrututu, yaani kopa salfeti, ule wa bluu. Fomula yake CuSO4·5H2O na ile nukta SIO alama ya kuzidisha, inakwambia kila CuSO4 moja inatembea na maji matano. Shaba 63.5, salfa 32, oksijeni nne 64, hapo ni 159.5, ongeza maji 5 × 18 = 90, jumla 249.5. Shaba inakuwa 25.45% na maji 36.07%. Ukiyaacha maji nje shaba inaruka mpaka 39.8% na swali zima limeondoka, nimeshaliona hilo kwenye karatasi nyingi sana na linaniuma kwa sababu mwanafunzi hesabu anaijua.

Kama shuleni mna maabara mwombeni mwalimu mjaribu, pimeni gramu 10 za mrututu, pasheni moto polepole mpaka bluu yote iishe ubaki unga mweupe (moto usizidi, ukianza kuwa mweusi mmeuharibu), uacheni upoe halafu pimeni tena. Mzani utasoma karibu gramu 6.4, zile 3.6 zilizopotea ndo maji yenu ya 36%.